Mkiwa Asiyecheka: Habari za Filamu Fupi za Buster Keaton

Mwaka wa 1920 Joseph Frank Keaton, aliyejulikana duniani kwa jina la Buster, alikabidhiwa studio katika mtaa wa Lillian Way, Hollywood, ambayo hapo kabla Charlie Chaplin alikuwa akifanyia kazi zake, akapewa pamoja nayo mafundi, fedha na idhini ya kutengeneza vichekesho vifupi kwa kadiri akili yake itakavyomwelekeza. Tangu mwaka huo hata 1923 zilitoka katika studio ile filamu fupi 19, aghalabu kila moja ya dakika 20 hivi, zisizo na sauti, na ndani yake binadamu mmoja mwenye kofia bapa na uso usiobadilika huanguka, huangukiwa, hufukuzwa, huzama, husalitiwa na ngazi, na mlango, na nyumba aliyoijenga kwa mikono yake, na mara nyingine hata hukata tamaa ya uhai akashindwa kuutupa, ilhali watazamaji wa enzi ile walicheka mpaka wakashika mbavu. Wengi walioandika juu yake wameusifu mwili wake, wepesi wake na ushujaa wake, na sifa hizo ni haki yake. Lakini mimi naona kwamba jambo kubwa kuliko yote katika filamu zile ni ukiwa. Mtu yule huanguka kwa sababu hana wa kumshika. Ajali zake ndiyo hadithi yenyewe, na Keaton alielewa mapema kuwa upweke wa mtu, ukionyeshwa kwa anguko, hauna haja tena ya kusemwa kwa machozi.

Ili kufahamu alikoipata elimu hiyo yatupasa kurudi nyuma. Alizaliwa tarehe 4 Oktoba 1895 katika kijiji cha Piqua, jimbo la Kansas, mahali ambapo wazazi wake, Joe na Myra, walikuwa wakipita tu pamoja na kundi la maonyesho ya kusafiri. Kabla hajajua kusoma alikwisha kuingizwa jukwaani, na mchezo wa aila ile, uliotangazwa kwa jina la The Three Keatons, ulikuwa ni baba kumtia adabu mtoto mtundu kwa kumrusha. Alimrusha kweli: alimtupa kwenye mapazia, akamtupa nyuma ya jukwaa, akamtupa hata katika shimo la wapiga muziki, na ili mkono upate pa kushika, kishikio cha sanduku la safari kilishonwa mgongoni mwa nguo ya mtoto. Chama cha New York cha kuwakinga watoto na ukatili kiliifuatia habari ile kwa miaka, na mtoto alikaguliwa mwili mara kwa mara atafutwe majeraha ambayo hayakuonekana, maana alikuwa amekwisha kujifunza kuanguka. Alijifunza pia jambo la pili, la ajabu kuliko la kwanza: kila alipotabasamu baada ya kutupwa, kicheko cha hadhira kilififia, na kila alipoinuka na uso mkavu, kana kwamba yaliyompata yalimpata mtu mwingine, ukumbi mzima ulivuma.

Siwezi kuipita habari hii upesi. Mtoto aliyefundishwa kwamba riziki ya nyumba yao imo katika kuyaficha maumivu yake, na kwamba umati wa watu utampenda kwa sharti la kutowaonyesha alilo nalo moyoni, amepewa hazina ya ufundi na mzigo wa maisha kwa mkono mmoja. Keaton mwenyewe hakumlaumu baba yake kwa ajili ya mchezo ule, wala mimi sitamlaumu kwa niaba yake. Lakini uso ule tulioujua katika filamu, uso usioomba kitu kwa mtu yeyote, ulianzia pale, mbele ya taa za jukwaani, kwa mtoto aliyekuwa hewani.

Mwanzo wa mwaka wa 1917, ulevi wa Joe ulipokuwa umezidi hata mchezo wa kurushana ukawa wa hatari ya kweli, mama na mwana walimwacha, na aila ile ya jukwaani ikavunjika. Mwaka huohuo mjini New York Buster alikutana na Roscoe Arbuckle, mchekeshaji mnene mwenye wepesi wa kushangaza, akaingia katika filamu iitwayo The Butcher Boy, na kwa alivyosimulia mwenyewe baadaye, hakutulia mpaka amekifungua chombo cha kupigia picha akajua kila gurudumu lake linafanya kazi gani. Kazi za jukwaani zilizomngoja, zenye malipo makubwa kuliko hayo ya sinema, aliziacha. Vita ikamchukua mwaka 1918 mpaka Ufaransa, ambako alilala juu ya sakafu za baridi na unyevunyevu, masikio yakamwuma karibu ya kuwa kiziwi, akarudi na usikivu pungufu ambao haukumtoka tena. Mtu asiyesikia vema hujitenga na mazungumzo ya wenziwe hata akiwa kati yao, na sioni ajabu kwamba filamu za mtu huyo, alipopata kuzitengeneza mwenyewe, zilikuwa na maneno machache ya maandishi kupita za wenziwe.

Filamu ya kwanza aliyoitoa katika studio yake ni One Week, mnamo Septemba 1920, nayo yastahili kusimuliwa kwa ukamilifu kwa kuwa mna ndani yake karibu yote yatakayofuata. Bwana na bibi waliooana siku hiyo wamepewa zawadi ya nyumba iliyomo ndani ya masanduku, kila sanduku na nambari yake, waiunganishe wenyewe. Na mtu mmoja aliyekataliwa na bibi harusi, kwa husuda, akabadilisha nambari. Bwana harusi hana habari, afuata maagizo kwa uaminifu wote, na kwa uaminifu huohuo ajenga kiroja: ukuta umepinda, mlango wa kuingilia uko juu ambako mtu akitoka huanguka. Wageni wakaja kuwatakia heri, tufani ikavuma, nyumba ikaanza kuzunguka, na watu wakarushwa madirishani mmoja mmoja. Keaton hakutumia hila ya picha. Nyumba ile ilijengwa kweli juu ya mtambo wa kuizungusha. Kulipopambazuka wakaambiwa kiwanja si chao. Wakaikokota, ikakwama juu ya reli, gari la moshi likaja kwa kasi, mume na mke wakafumba macho, likapita salama kwa kuwa lilikuwa katika njia ya pili. Nao walipokwisha kushusha pumzi, gari jingine likaja kutoka upande mwingine likaisaga nyumba ikawa vipande vya mbao. Bwana akaweka juu ya kifusi kibao cha kutangaza kuwa nyumba inauzwa, akaambatisha na yale maagizo ya kujengea, kisha wakashikana mikono wakaenda zao.

Hapa angalau wapo wawili. Katika The Boat, ya mwaka 1921, mtu yuleyule ana mke na wavulana wawili, na amejenga mashua ndani ya nyumba yake ambayo haiwezi kutoka mlangoni, basi anaivuta mpaka nyumba yote inaporomoka nyuma yake. Watu wa pwani, ambao kushua chombo ni siku ya dua, ngoma na karamu, watajua uzito wa picha inayofuata: baba amesimama omoni kwa fahari, mashua inateleza kwenda majini, haisiti wala haielei, inaendelea kuteleza kwenda chini kwa mwendo uleule, na yeye amesimama vilevile, hajabadilika uso, mpaka maji yanapomfika kichwani na kofia kubaki peke yake juu ya maji. Yasemekana ni mchezo mwepesi. Lakini chombo kile kiligoma kuzama, wakakitia chuma, wakakitoboa, hata mwisho ikawabidi kukivuta kwa kamba ya chuma kutokea chini ya maji ndipo kikaenda kama Keaton alivyotaka. Alitaka kizame bila ya kutapatapa. Jambo hilo laonyesha wazi kwamba utulivu wa mtu yule mbele ya maangamizi yake ulikuwa umepimwa na kukusudiwa hata katika mbao na chuma.

Mwaka huo wa 1921, akiwa anatengeneza filamu iitwayo The Electric House, kiatu chake kilikamatwa na ngazi ya umeme, akavunjika kifundo cha mguu, na kazi ikasimama. Alipoanza tena, kwa kuwa mguu haukuweza bado maanguko makubwa, alitunga The Playhouse, na jeraha lake likazaa filamu ya upweke kuliko zote. Mtu ananunua tiketi, anaingia katika jumba la maonyesho, na tazama: kiongozi wa wapiga muziki ni yeye, wapiga muziki wote ni yeye, wachezaji jukwaani ni yeye, naam hata watazamaji, mzee na ajuza, mama na mtoto mwenye peremende, wote ni yeye. Mpiga picha wake, Elgin Lessley, aliziba sehemu ya lenzi, akapiga, akairudisha filamu nyuma kwa mkono, akafungua sehemu nyingine akapiga tena, na katika onyesho moja Keaton tisa walisimama safu moja bila ya ufa kuonekana kati yao, kazi iliyotaka mkono usiopunguza wala kuzidisha mwendo hata chembe. Mafundi wa sinema waliistaajabia hesabu hiyo, nami naistaajabia pia. Lakini nikiitazama picha ile, kinachonigusa ni dunia iliyojaa watu pomoni wala hamna mwingine hata mmoja. Halafu mtu anaamka. Ilikuwa ndoto, naye ni mtumishi wa jukwaani anayefukuzwa kitandani.

Septemba ya mwaka huohuo Arbuckle, rafiki yake na mwalimu wake wa sinema, alishtakiwa huko San Francisco kwa kifo cha mwanamke aliyeitwa Virginia Rappe. Kesi yake ilisikilizwa mara tatu, na mara ya tatu, Aprili 1922, wazee wa baraza walimwachia huru hana hatia. Lakini magazeti yalikuwa yamekwisha kumtia kaburini akiwa hai, na kazi yake ikakoma. Keaton hakumtupa rafiki yake. Katikati ya siku hizo za dhiki, Machi 1922, ilitoka filamu yake iitwayo Cops, nami sidhani kuwa yafaa kuitenga na wakati wake. Kijana ameambiwa na msichana ampendaye kwamba hatamkubali mpaka awe mtu wa biashara. Ananunua gari la farasi lililojaa vyombo akidhani ameuziwa kwa haki, kumbe ni mali ya askari mmoja anayehama nyumba. Anaingia na gari lake, bila kujua, katikati ya gwaride la polisi wa mji. Mwasi mmoja anatupa kombora kutoka juu ya paa, linaanguka garini mwa kijana, naye anautumia utambi wake kuwashia sigara kisha analitupa, nalo linalipuka kati ya askari. Tangu hapo mji mzima ni adui. Mamia ya askari wanajaza barabara kutoka pembe hadi pembe, na mbele yao anakimbia mtu mmoja mdogo ambaye hakukusudia ubaya wowote. Kwa werevu anawaingiza wote katika kituo chao, anatoka amevaa sare ya polisi, anafunga mlango na kuutupa ufunguo. Msichana anapita, anamtazama kwa dharau, anakwenda zake. Basi kijana anauokota ufunguo, anaufungua mlango, na mikono ya ndani inamvuta. Maandishi ya mwisho wa filamu yameandikwa juu ya jiwe la kaburi, na juu ya jiwe imetundikwa ile kofia bapa.

Umbo la mwisho wa namna hii halikuwa la kawaida katika kichekesho. Chaplin naye alikuwa ameuchezea upweke kwa uhodari; katika One A.M., ya mwaka 1916, alikuwa karibu peke yake filamu nzima, mlevi aliyerudi nyumbani usiku na kupigana na samani zake. Lakini Chaplin alimgeukia mtazamaji, akamwinulia nyusi na kumwomba huruma, na huruma alipewa. Keaton hakugeuka. Kijana wa Cops haufungui mlango ule ili tumlilie. Anaufungua kwa sababu amefanya hesabu yake akaona kuwa uhuru usio na mtu wa kushirikiana nao haumfai kitu, na hesabu hiyo anaifanya kwa nukta chache, bila ya kushika moyo wala kutazama mbinguni. Mtu aweza kusema ni ukavu. Mimi nasema ni heshima, kwa mtazamaji na kwa huzuni yenyewe.

Zipo mbili nyingine ambazo mauti huingia ndani yake moja kwa moja. Hard Luck, ya mwaka 1921, yamhusu mtu aliyepoteza kazi na mpenzi, naye ataka kuacha dunia, lakini dunia haimwachii: taa mbili za gari zinazomjia usiku zinageuka kuwa pikipiki mbili zinazopita kushoto na kulia kwake, na chupa iliyoandikwa sumu imefichwa ndani yake ulevi, maana ilikuwa zama za kupigwa marufuku pombe Marekani. Mwisho wake anaruka kutoka mahali pa juu kwenda katika bwawa la kuogelea, analikosa bwawa, anatoboa sakafu na kupotea ardhini, hata baada ya miaka anapanda kutoka shimoni akiwa na mke wa Kichina na watoto. Keaton aliihesabu kuwa filamu fupi iliyochekwa kuliko zake zote. Nayo ilipotea miaka mingi, na ilipokusanywa upya ni sehemu hiyo ya mwisho iliyokosekana kwa muda. Ya pili ni Day Dreams, ya mwaka 1922. Kijana anamwahidi baba wa msichana kwamba atakwenda mjini kutafuta cheo, na akishindwa atarudi ajiue. Anaandika barua za kweli zenye kueleweka vibaya: aliyeko hospitali ya wanyama, msichana anamwona akilini mwake kuwa tabibu mkuu, anayefagia barabara, anamwona tajiri wa fedha. Kisha askari wanamkimbiza mpaka anaingia ndani ya gurudumu la meli, na linapozunguka analazimika kutembea, na kutembea, na kukimbia, asifike popote, kwa kuwa akisimama atabingirishwa. Anarudishwa kwa posta, amevunjikavunjika. Baba wa msichana, kwa adabu, anampa bastola, naye kwa kushindwa kwake kwa desturi anajikosa. Aliyemcheza baba huyo ni Joe Keaton, mzazi wake, yuleyule aliyemrusha jukwaani utotoni, na sasa ndiye ampigaye teke akatoka dirishani.

Ya mwisho katika zile 19 ni The Love Nest, ya Machi 1923. Kijana aliyeachwa na mchumba anamwandikia kuwa anakwenda baharini asirudi, anaingia katika mashua ndogo peke yake, anaokotwa na merikebu ya nahodha katili ambaye kila baharia akikosa kidogo anamtupa majini na kumrushia shada la maua. Ili kutoroka, kijana anaingia katika mashua ya kuokolea, na kwa kuwa hawezi kuiteremsha, anaitoboa merikebu yote izame taratibu mpaka mashua yake ielee. Anaamka. Maji yamekwisha, chakula kimekwisha, ndevu zimeota, anajilaza angoje mauti. Kisha mwanamke anapita anaogelea, naye anatazama akaona kwamba kamba haijafunguliwa, mashua iko gatini alipoifunga.

Yaliyofuata yajulikana, nami sitayarefusha: filamu ndefu za ajabu kati ya 1923 na 1928, mkataba na kampuni ya MGM uliomnyang'anya uhuru wa kutunga, talaka ya mwaka 1932, ulevi uleule uliomvunja baba yake, kufukuzwa kazi mwaka 1933. Alitengeneza filamu fupi nyingine kwa kampuni za fedha kidogo, nyingi zikiwa hafifu. Mwaka 1940 alimwoa Eleanor Norris, akapata utulivu ambao hakuwa nao kabla, na mwaka 1949 makala ya James Agee katika gazeti la Life iliwakumbusha Wamarekani kwamba alikuwapo.

Julai 1964 Samuel Beckett, mwandishi wa Ireland ambaye tamthilia zake zimejaa watu wakiwa wenye kofia, alifika New York, safari yake pekee ya Marekani, kutengeneza filamu fupi aliyoipa jina Film, chini ya uongozaji wa Alan Schneider. Chaplin alitakwa kwanza, hakupatikana. Akaitwa Keaton, mwenye umri wa miaka 68. Mtu amejifunika, anakwenda ubavuni mwa ukuta karibu na daraja la Brooklyn, anakimbia kuonekana. Chumbani anaziba dirisha, anafunika kioo, anafunika ndege na samaki, anararua picha za maisha yake mwenyewe, ili lisibaki jicho lolote la kumtazama. Na mpigo mmoja wa kichekesho cha kale umo, wa paka na mbwa ambao akimtoa mmoja mwingine anaingia. Keaton alikiri kuwa hakuifahamu maana yake. Lakini mwili wake uliifahamu, kwa kuwa huko nyuma alikwisha kuwa yule aliyejaza jumba la maonyesho kwa nafsi yake pekee, na kwa karibu muda wote wa filamu ile tunamwona kwa mgongo tu, na mgongo wake unasema. Septemba 1965 ilipoonyeshwa Venice watu walisimama wakampigia makofi muda mrefu, naye akafadhaika.

Vuli ya mwaka 1964, baada ya kazi ya Beckett, alikwenda Kanada kutengeneza The Railrodder na Gerald Potterton, kwa ajili ya Bodi ya Filamu ya Taifa hilo: mzee mmoja, bila ya neno, anavuka nchi kutoka bahari hata bahari juu ya kigari cha reli, anapika chai, anafua nguo, anajifunika blanketi, na nchi kubwa isiyo na watu inapita pande zote mbili. Yumo ndani yake mchezo wa ramani kubwa inayofunguka na kumzonga mwili mzima huku kigari kikivuka daraja refu juu ya bonde. Potterton alihofia maisha ya mzee, akataka ramani ile ichezwe mahali pa salama. Keaton, aliyekuwa anatimiza miaka 69 katika safari hiyohiyo, alikasirika, akasema kuwa mchezo wa ramani hauna maana mahali ambapo hakuna pa kuanguka, na akashinda. Ndivyo ulivyopigwa, darajani, naye amefunikwa macho na karatasi. Alifariki tarehe 1 Februari 1966.